Harusi Ndogo Katika Hoteli ya Ufukweni Diani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa wachumba wanaotaka kufunga ndoa mbele ya wageni wasiozidi arobaini katika hoteli ya kando ya bahari. Mimi ni mratibu wa harusi Diani, katika kaunti ya Kwale, na nitakayoyaeleza yanahusu pwani ya kusini mwa Mombasa. Wachumba wengi huvutiwa kwanza na picha za hoteli, wakalipa malipo ya awali na kutangaza tarehe, na hatimaye ndipo wanapouliza maji hujaa saa ngapi. Ninashauri waanze na maji.

Hatua ya 1: Kubalianeni na wazazi kuhusu idadi ya wageni

Harusi ndogo huharibika kwenye orodha mapema kuliko ufukweni. Mkimwalika shangazi mmoja na kumwacha mwingine, lawama zitawafuata hata baada ya fungate, na kwa hiyo ni vyema wazazi wa pande zote mbili waelezwe nia yenu kabla ya hoteli yoyote kupigiwa simu. Njia inayokubalika na familia nyingi ni kuyagawa mambo mawili: mahari, utambulisho na karamu ya ukoo hufanyika nyumbani, ambako kila jirani ana nafasi, na safari ya pwani huachiwa wazazi, ndugu wa tumbo moja na marafiki wachache. Tafadhali msichangishe ukoo mzima kwa ajili ya sherehe ambayo ukoo mzima haukualikwa.

Hatua ya 2: Chagueni msimu, kisha chagueni maji

Masika, hasa Aprili na Mei, huleta mvua kubwa, na baadhi ya hoteli hutumia kipindi hicho kufanya ukarabati. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi, na hali ya hewa huwa ya wastani, ingawa upepo wa alasiri unaweza kung'oa pambo lolote ambalo halikufungwa vizuri. Mvua za vuli huja Oktoba na Novemba. Desemba hadi Machi ni wakati wa kaskazi: joto ni kali, na katika wiki za Krismasi na Mwaka Mpya bei za vyumba hupanda sana. Angalieni pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa kuwa wengi wa wapishi, wapiga ngoma na wapambaji wa hapa ni Waislamu.

Msimu ukishachaguliwa, tafuteni jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la bandari ya Mombasa. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na katika hoteli nyingi za Diani hufika hadi kwenye ngazi na kuta. Hiyo ndiyo saa ambayo kila mchumba anataka kusimama mchangani. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, takriban siku ya nane hadi ya kumi na ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne ya mwezi wa Kiislamu, saa hizo hizo maji huwa yamepwa kwa kiasi, mchanga huwa mpana, na bahari huwa bado iko karibu kiasi cha kuonekana vizuri kwenye picha. Kwa hiyo, anayetaka kufungia ndoa mchangani jioni achague maji mafu.

Wapo wanaoupenda mwezi mpevu, na siwalaumu, kwa kuwa ufukwe wa Diani unatazama mashariki na mwezi huo huchomoza baharini jua linapozama. Hao nawashauri wafungie ndoa bustanini na kuandaa chakula cha usiku mahali panapoonyesha bahari. Kwa sababu hiyo hiyo ya kutazama mashariki, hapa jua halizami baharini, bali nyuma ya minazi, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kulingana na mwezi wa mwaka. Kwa kawaida mimi huanza sherehe saa kumi na nusu, wakati miti imeshaanza kutupa kivuli mchangani na mwanga bado unatosha kwa picha za familia.

Hatua ya 3: Shughulikieni hati mapema

Kwa ndoa ya kiraia chini ya Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, ilani hutolewa kwa Msajili wa Ndoa angalau siku 21 kabla ya ndoa, na wasio na muda huo huomba leseni maalumu. Andaeni vitambulisho au pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo na mashahidi wawili. Aliyewahi kuoa au kuolewa aongeze hati ya mwisho ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wake, na mgeni kutoka nje alete cheti cha nchi yake kinachothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa. Nikaha hufungishwa na kadhi, shehe au imamu aliyeidhinishwa, na mara nyingi hufanyika msikitini kabla ya karamu ya hotelini. Wakatoliki wazungumze na paroko wao mwanzoni kabisa, maana Kanisa kwa kawaida hufungisha ndoa kanisani. Wengi wao hufunga ndoa parokiani, kisha huja Diani kwa karamu.

Hatua ya 4: Kagueni hoteli kwa miguu, kisha someni mkataba

Fikeni hotelini saa ile ile ambayo sherehe itafanyika. Pimeni umbali kutoka chumba cha bibi harusi hadi mchangani, na hesabuni ngazi ambazo bibi na babu watashuka. Ulizeni kama kutakuwa na harusi nyingine siku hiyo, jenereta iko wapi, na mwani huondolewa ufukweni saa ngapi.

Katika mkataba, hakikisheni kama bei inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ushuru wa utalii wa asilimia 2 na gharama ya huduma, kwa sababu viwango hivyo vikijumlishwa mwishoni hubadilisha bajeti nzima. Takeni iandikwe wazi ada ya kuleta keki, vinywaji au mpiga picha kutoka nje, saa ya kuzima muziki, mahali pa kuhamia mvua ikinyesha, na kitakachofanyika kwa pesa zenu mkiahirisha. Ahadi ya meneja kwa mdomo haitoshi, hata akiwa muungwana kiasi gani, kwani huenda akahamishwa kabla ya siku yenu.

Hatua ya 5: Pangeni safari za wageni

Wageni kutoka Nairobi wanaweza kuruka hadi uwanja wa ndege wa Ukunda, karibu na Diani, au kupanda treni ya Madaraka Express hadi kituo cha Miritini, Mombasa, na kuchukua gari kupitia barabara ya Dongo Kundu, bila kungoja feri ya Likoni. Kila mgeni awe amefika siku moja kabla, na maharusi wafike siku mbili au tatu kabla.

Hatua ya 6: Andaeni ufukwe wenyewe

Ufukwe ni wa umma na hoteli haiwezi kuufunga. Mimi huzungumza mapema na vijana wa ufukweni, wakiwemo wenye ngamia na wauza vinyago, na kuwalipa baadhi yao wasimamie njia wakati wa sherehe. Utaratibu huo hufaa kuliko kupanga askari wenye sura za ukali.

Miguu myembamba ya viti huzama mchangani, kwa hiyo tandikeni majamvi chini ya viti na kwenye njia ya maharusi. Hata wageni wakiwa ishirini tu, kipaza sauti kidogo kinahitajika, maana upepo hubeba kiapo chote. Kwa maua, waridi la kutoka bara hunyauka haraka kwenye joto la hapa, ilhali vikuba vya asumini, yaani vishada vidogo vya maua hayo, vilivyotungwa alasiri huendelea kufunguka na kunukia usiku kucha. Msirushe baluni wala taa za karatasi, kwani mabaki yake huishia baharini ambako kasa huyala. Plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika fukwe za Kenya mwaka 2020, kwa hiyo madafu yanywewe kwa mirija ya karatasi.

Kisha kuna kima na tumbili, ambao hawajali mwaliko. Keki isitolewe jikoni hadi dakika ya kukatwa, vitafunio vifunikwe, na hoteli iwaweke wafanyakazi wake wa kuwafukuza wanyama hao karibu na meza. Kunguru nao wakiona sahani ya mishikaki imeachwa peke yake hawachelewi.

Hatua ya 7: Kabidhini majukumu, na fungeni hesabu

Siku ya harusi simu za maharusi zikae kwa mtu mmoja wa familia mwenye orodha ya wahudumu wote na bahasha za malipo yao zilizoandikwa majina. Mtu huyo pia ndiye atunze pete na hati za msajili. Cheti kikishatiwa saini, kila jina na tarehe vikaguliwe hapo hapo msajili akiwa bado yupo, kisha nakala zitolewe kabla ya kuondoka hotelini. Wanaokwenda kukitumia nje ya nchi wakipeleke kuthibitishwa katika Wizara ya Mambo ya Nje jijini Nairobi, na watenge muda wa kazi hiyo kabla ya ndege ya kurudi.