Baiskeli hadi Bagamoyo: piga hesabu ya kurudi kwanza

Mtu akiniuliza safari ya baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni ngumu kiasi gani, nami humuuliza: mnaenda mwezi gani? Barabara ni ileile, lami mwanzo mwisho kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, takriban kilomita 65 kutoka katikati ya jiji. Kinachobadilika ni upepo.

Kuanzia Mei hivi hadi Septemba inavuma kusi. Kwenda Bagamoyo unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kusi inakusukuma mgongoni. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Miguu inakuwa myepesi, kikundi kinakimbia, mnafika mkiambiana kumbe ni karibu. Mchana kusi inakaza, na sasa iko usoni. Safari yangu ya kwanza na kikundi tulitumia saa 3 kwenda na zaidi ya saa 5 kurudi, na wenzetu wawili walimalizia safari nyuma ya pikapu, baiskeli zikiwa zimelazwa juu ya magunia ya mkaa. Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba kwenda mnakanyaga taratibu, hata kama upepo unawabembeleza. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Februari, mambo yanageuka: upepo unakupiga kutoka upande wa bahari unapokwenda na kukusaidia unaporudi, ila joto lake si la mchezo. Masika mimi siendi. Wapo wanaokwenda, ni shauri yao.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uangaliwe usiku wa kuamkia safari, kisha tena alfajiri kabla ya kutoka. Msiishie kwenye mvua. Someni na tahadhari za upepo mkali na mawimbi wanazopewa wavuvi. Siku ambayo ngalawa zinaambiwa zibaki ufukweni, mwendesha baiskeli naye ana la kujifunza.

Mvua ya pwani haibishi hodi. Dakika zake za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na oili ya magari vinachanganyika na maji na lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Mistari ya rangi ya pundamilia huteleza kuliko lami yenyewe, na breki za mpira zinazobana rimu huchelewa kushika zikilowa. Ongezeni nafasi kati ya baiskeli na baiskeli, na shikeni breki mapema, hasa kwenye matuta. Mkiona radi, hesabuni sekunde hadi ngurumo na mgawanye kwa 3. Hizo ndizo kilomita. Zikipungua 10, tafuteni nyumba au duka la matofali. Mnazi uliosimama peke yake msiukimbilie, hata kama ndio kivuli pekee mnachokiona.

Vifaa: kila mtu abebe tyubu yake ya akiba, viraka, solusheni na vijiti vya kutolea tairi. Kuhusu pampu nina kisa. Karibu na Kerege mwenzetu alipata pancha, na tulikuwa na pampu 3. Zote zilikuwa za valvu nene kama ya gari; yake ilikuwa ile nyembamba yenye kinati juu. Tulikaa pale tukizungusha pampu mkononi kama watu wanaotafuta ufunguo wa nyumba isiyo yao, hadi akapita fundi mwenye kiunganishi kidogo cha shaba. Kinaingia kwenye mfuko wa shati. Siku hizi ninacho.

Simu na fedha viwe kwenye chombo kisichoingiza maji. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, ule mfuko wa rambo wa kufungia simu si wa kutegemea tena. Maji ni nusu lita kwa saa au zaidi, pamoja na kitu chenye chumvi. Madafu njiani ni mazuri lakini hayaongezi chumvi ya kutosha kwa anayetoka jasho siku nzima.

Kikundi kiwe na wa mbele anayeijua njia na wa nyuma asiyemwacha mtu. Mwendo ni wa yule wa polepole zaidi. Kwenye upepo wa usoni mpokezane mbele kila baada ya dakika chache, mstari mmoja kushoto, maana malori ya mchanga hayatawasubiri. Kila mtu awe na nauli ya kurudi kwa gari.

Na kabla ya kutoka, wekeni saa ya kugeuza. Sisi tunaondoka saa 11 na nusu alfajiri, na ikifika saa 4 tunageuza, hata kama tumeishia Mapinga. Anayetaka kuyaona magofu ya Kaole kwa nafasi alale Bagamoyo.