Gramafoni ya zamani: mkono wa egemeo au wa tanjenti?

Shemeji yangu alinitumia picha mbili usiku: gramafoni ya mkono wa kawaida, yaani wa egemeo, na nyingine ya tanjenti ambayo mkono wake umefichwa ndani ya kifuniko. "Shemeji, nichukue ipi?" Nikamuuliza kama anajua kushika bisibisi. Alikaa kimya kama dakika kumi, kisha akaandika, "Kwa nini?" Nilichomweleza ni hiki.

Hatua ya 1: Jua kinachotofautiana

Santuri inapokatwa kiwandani, kichwa cha kukatia husogea kwa mstari mnyoofu kutoka ukingoni kwenda katikati. Mkono wa egemeo, ambao wengine huuita wa radiali, umeshikwa sehemu moja kwa nyuma, kwa hiyo sindano yake huchora tao. Hata ukipangwa vizuri, sindano hulingana kabisa na mfereji mahali pawili tu. Kwingineko inapishana nao kwa nyuzi moja au mbili. Mkono wa tanjenti husafiri mzima juu ya reli, njia ileile iliyopita mashine ya kukatia.

Kwa hesabu tupu, tanjenti imeshinda. Kwa masikio, tofauti hujitokeza mwishoni mwa upande. Kwenye santuri ya inchi 12, mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kila sekunde ukingoni, lakini karibu na lebo ni 21 tu. Hapo ndipo sauti za "s" zinapoanza kukwaruza, na hapo ndipo kosa dogo la pembe linaposikika. Usinunue kwa sababu ya hesabu hiyo peke yake, maana zote mbili zilikuwa na mafundi wazuri: Technics SL-1200 ya egemeo na Beogram 4000 ya tanjenti, ya Bang & Olufsen, zilitoka mwaka mmoja, 1972.

Hatua ya 2: Kagua mkono wa egemeo

Shika mkono karibu na katriji (kile kidude cha mwishoni kinachobeba sindano) kwa vidole viwili, uutikise taratibu. Ukisikia unagongagonga kwenye egemeo, achana nayo. Usawazishe mpaka uelee, uone kama unakwama popote. Basi. Katriji utaipanga nyumbani kwa karatasi ya vipimo. Yale mahali pawili ambapo sindano hulingana na mfereji, mimi huyaweka milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri.

Hatua ya 3: Kagua mkono wa tanjenti (hapa usiharakishe)

Muuzaji atabonyeza kitufe, mkono utateleza mpaka katikati na kurudi, naye atasema, "Unaona? Mzima." Usikubali. Mimi nilikubali, nikapoteza usiku mbili.

Yangu ilikuwa inakwenda vizuri kwa vitufe, lakini ikicheza, baada ya wimbo mmoja sindano ilikuwa inarudia palepale. Nililaumu sindano, nikanunua nyingine. Nikalaumu santuri. Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi: nikazungusha skrubu ndogo ya kurekebisha sensa bila kuweka alama ilipokuwa. Kulipokucha nilikuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Fikiria kazi yenyewe. Upande wa dakika 20 huzunguka kama mara 667, na katika muda huo mkono unasogea milimita 86 hivi. Yaani kila mzunguko ni milimita 0.13! Mfereji ukiuvuta mkono kidogo, unainama kwa kiasi usichoweza kukiona kirahisi. Sensa ya taa inauona mwinamo huo, na mota inasukuma kibebeo, yaani kile kinachoubeba mkono juu ya reli, mpaka unyooke. Ukibonyeza kitufe, mota inapewa nguvu nyingi na inapita juu ya uchafu wowote. Ikicheza inapewa nguvu kidogo sana, na grisi ya miaka arobaini inatosha kuizuia.

Kwa hiyo cheza upande mzima, sio wimbo mmoja. Inama uuangalie mkono kutoka juu: ukikaa umepinda kwa muda kisha ukaruka kujinyoosha, kuna kitu kinakwama. Fungua. Kwenye yangu, grisi ilikuwa ya kahawia na ngumu kama nta. Ilitoka kwa vijiti vya pamba na spiriti, vijiti zaidi ya ishirini. Puli nayo ilikuwa na mkanda wa mpira ulioyeyuka ukawa kama lami, na ukigusa, vidole havitakati kwa siku mbili. Safisha reli, paka tone moja la mafuta ya cherehani, ulifute mpaka reli ionekane kavu. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu sizitaki karibu na gramafoni: zinarukia mkanda mpya na unaanza kuteleza. Na kabla ya kugusa skrubu yoyote ya sensa, chora alama kwa kalamu. Nyingi hazihitaji kuguswa kabisa.

Hatua ya 4: Tazama katriji

Tanjenti nyingi za miaka ya 1980 hutumia katriji za T4P: unachomeka, unakaza skrubu moja, uzito wa sindano ni takriban gramu 1.25, hakuna cha kupima. Kwa anayeanza, napenda hizi kuliko zote. Gramafoni za Bang & Olufsen zina katriji zake zenyewe, kwa hiyo thibitisha hali ya sindano kabla ya kulipa. Mkono wa kawaida wa egemeo hukubali karibu katriji yoyote, na hiyo ni faida ambayo tanjenti nyingi hazina.

Hatua ya 5: Chagua

Kama hutaki kufungua kitu, chukua ya egemeo. Tanjenti inayochelewa ni mbaya kuliko egemeo la kawaida lililopangwa vizuri, kwa sababu pembe yake ya makosa inabadilikabadilika.

Shemeji amechukua ya tanjenti. Jumamosi analeta spiriti. Vijiti vya pamba ninavyo.