Kuona mbali usiku kwa leza ya infraredi, hewa ya Pwani ikiwemo

Tuseme uko Mama Ngina usiku unataka kuliona boya upande wa Likoni: leza ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inalimulika kama tochi, kamera inaliona. Usikimbilie leza kali jamani, anza na hewa. Hewa yetu hapa Mombasa imejaa mvuke na mvuke unameza baadhi ya mawimbi, ukichukua mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1400 hivi unaishia njiani lakini 1550 inapita na 850 pia. Ndo maana leza ya mawimbi mengi ni tamu: mapigo mafupi sana ya mwanga yanapitishwa kwenye faiba (uzi mwembamba wa glasi), rangi moja inatawanyika inakuwa nyingi (kwenye glasi walishalionyesha hili tangu 1970), alafu unaweka filta unachagua inayopenya usiku huo.

Kamera nayo iendane. Washa rimoti ya tivi mbele ya kamera ya selfi, ukiona kinukta cha zambarau basi inaona infraredi ya karibu, ila 1550 haitaiona kabisa, hiyo inataka kihisi cha InGaAs (mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki) na bei yake si mchezo.

Macho sasa, hapa nakuomba sana. 850 inafika hadi nyuma ya jicho na hutashtuka maana huioni. 1550 inamezwa mbele ya jicho, afadhali kidogo, lakini ikiwa na nguvu inaunguza vilevile. Vaa miwani inayozuia mawimbi yako yote, na usielekeze kwa feri wala ngalawa.

Lenzi ikishika chumvi isuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, ukifuta kavu unaikwaruza.