SOMO: Kupima na kutunza maji ya tangi la chumvi ukiwa Mwanza

Wadau habari zenu. Maswali ya matangi ya maji ya chumvi yamekuwa mengi siku hizi, na mengi yanaanza na pH (kipimo cha uasidi wa maji): "pH yangu 7.9, niweke dawa gani?" Jibu langu kwa kawaida ni usiweke kitu. pH ni kipimo cha mwisho kukiamini. Kabla yake kuna chumvi, kuna amonia, kuna alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), na hivyo vitatu vikikaa sawa pH huwa inajiweka yenyewe. Somo litafuata mpangilio huo.

Sisi wa huku tuna mazingira yetu. Mtu wa Tanga au Kigamboni anaweza kwenda na madumu akachota bahari. Hapa, pamoja na ziwa lote hili, bahari unaitengeneza sebuleni mwenyewe, kwa hiyo kila kosa la maji ni lako.

Hatua ya 1: Maji ya kuanzia

Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, yanasafishwa na kutiwa klorini. Klorini inaua samaki na inaua bakteria wa filta. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi usiku na mchana huku pampu ya hewa ikifanya kazi, klorini ya kawaida itatoka. Thiosulfeti ya sodiamu inaimaliza kwa dakika chache tu.

Ila klorini ndiyo shida ndogo. Ziwa lina rutuba nyingi, ndiyo maana maji yake hugeuka kijani ufukweni, na fosfeti, mbolea inayolisha mwani, haiondoki kwa kutiwa klorini. Ikiingia kwenye tangi, kioo kinaota mwani kila wiki na wewe unailaumu taa. Nashauri maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa utando unaobakiza karibu madini yote. Vituo vinavyojaza maji ya kunywa vipo vingi, ila ulizeni kama wanarudisha madini baada ya kuchuja. Wengi hufanya hivyo ili maji yawe na ladha. Nenda na mita yako ya TDS, inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. RO safi isomeke chini ya 10.

Halafu msidanganyike na TDS ya bomba. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache kwa asili, kwa hiyo namba inaweza kuwa ndogo ukadhani una maji safi kabisa. Mita ile haikwambii kama hicho kidogo kilichomo ni fosfeti au kitu kingine.

Hatua ya 2: Chumvi

Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, yaani uzito mahususi (uzito ukilinganishwa na maji matupu) wa karibu 1.026 kwenye nyuzi 25. Tangi la samaki peke yao linaweza kukaa 1.023 bila tatizo. Matumbawe yanataka 1.025 hadi 1.026.

Kwa ndoo ya lita 20, anza na gramu 700 za chumvi ya akwariamu kwenye mizani ya jikoni. Chumvi ya pakiti huwa na unyevu kidogo, kwa hiyo mara nyingi utaongeza. Maji yatangulie ndani ya ndoo, pampu iwe inazungusha, ndipo chumvi iingie kidogo kidogo. Ukianza na chumvi kisha ukamwagia maji, kalsiamu na kabonati zinakutana zikiwa kali, zinaganda na kuacha unga mweupe chini ya ndoo. Huo unga ni alkaliniti uliyoinunua kwa hela yako. Acha maji yazunguke mpaka kesho yake. Na chumvi kavu isimwagwe kwenye tangi lenye samaki hata siku moja.

Kupima, rifraktomita (inasoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye maji) ni bora kuliko haidromita ya mshale (mshale wake unaelea juu zaidi chumvi ikiwa nyingi). Isawazishe kwa kimiminika maalumu cha 35, usitegemee maji ya RO peke yake, maana kifaa kinaweza kusoma sifuri vizuri kisha kikakosea huku juu. Dondosha matone mawili, funga kifuniko bila kubakisha povu, subiri nusu dakika joto lilingane, elekeza dirishani usome mstari wa buluu ulipokatia. Mwenye haidromita ya mshale aigonge kwa kidole kwanza: viputo vikishika mshale vinaunyanyua, unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Maji yanapokauka, chumvi haiendi nayo. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, chumvi imetoka 35 imefika karibu 36.8. Kinachorudishwa ni maji baridi ya RO, yasiyo na chumvi. Bandika selotepu kwenye kioo mahali maji yanapotakiwa kufika, na kila asubuhi jazia hadi hapo. Ukijazia maji ya chumvi kila siku, baada ya miezi michache unafuga samaki kwenye kachumbari.

Hatua ya 3: Amonia, nitriti, nitrati

Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Tangi jipya halina bakteria hao, na kuwapata huchukua kama wiki nne hadi sita. Weka chanzo cha amonia bila samaki, pima, subiri. Utaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inafuata njia hiyohiyo, na nitrati inaanza kuonekana. Amonia na nitriti zikisoma sifuri zote mbili, ndipo ununue samaki, mmoja au wawili.

Amonia kwenye maji ya chumvi ni kali kuliko kwenye maji ya sato, kwa sababu ya pH. Kila pH ikipanda kwa namba nzima moja, ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Nitriti ni kinyume: kloridi ya chumvi inawakinga samaki, kwa hiyo haina makali kama kwenye maji baridi. Nitrati iwe chini ya miligramu 20 kwa lita kwa samaki, chini ya 10 kama una matumbawe.

Vipimo vya matone, vile vya kudondosha dawa kwenye maji na kusoma rangi, vinataka mkono mtulivu. Suuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe. Jaza hadi mstari, macho yako yakiwa usawa wa mstari. Chupa ya dawa ishikwe wima kabisa, ukiilaza matone yanatoka ya ukubwa tofauti. Chupa ya pili ya nitrati itikisweni kwa nguvu nusu dakika nzima, maana dawa yake inatuama chini. Usipoitikisa utasoma sifuri na kufurahi bure. Rangi isomwe kwa mwanga wa mchana juu ya karatasi nyeupe. Taa ya buluu ya tangi inaharibu rangi zote. Na angalia tarehe ya kuisha muda kabla hujatoa hela.

Hatua ya 4: Alkaliniti

Hii ndiyo inayozuia pH isiyumbe. Iwe dKH (digrii za kupimia alkaliniti) 8 hadi 11, na ibaki palepale. Tangi lenye 8 kila wiki lina afya kuliko linalocheza kati ya 7 na 11. Unahesabu matone mpaka rangi igeuke ghafla. Vifaa vingi tone moja ni dKH 1. Ukitaka usahihi zaidi, weka maji mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, kila tone litakuwa nusu.

Ikishuka, bakingi soda ya dukani inatosha. Gramu 3 kwa lita 100 hupandisha karibu dKH 1. Iyeyushe kwenye maji ya RO, mimina taratibu mahali penye mkondo, na usizidishe dKH 1 kwa siku.

Kalsiamu (miligramu 400 hadi 450 kwa lita) na magnesiamu (1250 hadi 1350) ni za wenye matumbawe. Kama una samaki klauni wawili na mawe, usinunue vipimo hivyo, kubadilisha maji kunatosha.

Hatua ya 5: pH

8.0 hadi 8.4 ni nzuri, 7.8 alfajiri siyo ugonjwa. Usiku mwani haunyonyi kaboni dioksaidi, nayo hushusha pH, kwa hiyo asubuhi pH iko chini na jioni iko juu. Pima saa ileile kila mara, la sivyo unalinganisha asubuhi na jioni.

Ikikaa chini siku zote, chota glasi ya maji ya tangi, ipeleke barazani, ipulizie hewa saa moja, pima tena. Ikipanda, maji yako hayana kosa. Hewa ya chumba imejaa kaboni dioksaidi ya pumzi za watu. Fungua madirisha. Dawa ya kupandisha pH itaipandisha leo na kesho itarudi.

Jambo moja la hapa kwetu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Oksijeni inayoweza kuyeyuka inapungua kwa kiasi hichohicho, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi yalikuwa tayari hayabebi nyingi. Majedwali ya idadi ya samaki kwa lita yameandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Punguzeni samaki, na uso wa maji uwe unatikisika muda wote.

Hatua ya 6: Kubadilisha maji

Asilimia 10 kwa wiki. Maji mapya yalingane na ya zamani kwa chumvi na joto. Andika vipimo kwenye daftari, na tarehe.

MASWALI YA WADAU

*Mdau, Igoma:* Mkuu, chumvi ya akwariamu ni bei mbaya. Siwezi kutumia ya Uvinza, au ile ya mawe ya Bagamoyo? Ile si imetoka baharini kabisa?

*Jibu:* Ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi za chumvi, na kinachouzwa ni chumvi ya kula. Ya Bagamoyo imetoka baharini, ila bahari haikutoka yote. Maji yanapokaushwa kwenye mabwawa, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha chumvi ya kula, na yale maji machungu yenye magnesiamu yanamwagwa. Chumvi ya kula ni kama asilimia 85 tu ya chumvi ya bahari. Ukiirudisha kwenye maji unapata maji ya chumvi, hupati bahari.

*Dada, Pasiansi:* Mwangaluka kaka. Amonia yangu inasoma 0.25 haishuki, lakini samaki wanakula vizuri na tangi lina zaidi ya mwaka.

*Jibu:* Mwangaluka dada. Pima maji mapya ya chumvi uliyochanganya jana kwa kifaa hichohicho. Yakisoma 0.25 nayo, kifaa ndicho kinachosoma hivyo hata pasipo amonia, usiijali hiyo 0.25. Yakisoma sifuri, tafuta chakula au samaki aliyekufa nyuma ya mawe.

*Mdau, Buzuruga:* Badala ya bakingi soda, magadi ya sokoni je? Si ni kitu kilekile?

*Jibu:* Si kilekile. Magadi yana kabonati nyingi, yanarusha pH juu kwa ghafla, na yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Yaache kwenye maharage.

*Mdau, Nyegezi:* Umeme ukikatika usiku kucha nifanyeje? Nina filta ya mtungi iliyofungwa.

*Jibu:* Cha kwanza ni pampu ya hewa ya betri, inunue kabla ya taa ya bei kubwa. Usilishe umeme ukiwa haupo. Filta ya mtungi ikisimama saa nyingi, bakteria waliomo wanamaliza oksijeni, wanaanza kufa, na maji yaliyomo yanaoza. Umeme ukirudi, usiiwashe. Ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Halafu pima amonia siku hiyo na kesho yake.

*Mdau, Sengerema:* Nitrati yangu 80. Nibadilishe maji yote mara moja? Nawalisha dagaa wa kusaga.

*Jibu:* Usibadilishe yote, mshtuko utawaua. Badilisha robo, pumzika siku chache, badilisha robo tena. Kila robo inapunguza robo ya nitrati: 80, 60, 45, 34, 25. Ila dagaa wa kusaga wanageuka unga ndani ya maji, nusu yake haifiki mdomoni. Wape wachache, vipande vinavyoonekana, viishe ndani ya dakika mbili.

*Mdau, Sengerema:* Nimekuelewa mkuu. Na hayo maji ninayotoa, namwagilia mchicha?

*Jibu:* Utaua mchicha na udongo wake. Mwaga chooni.