Kudhibiti Wadudu na Magonjwa ya Nyasi za Bustani Nyanda za Juu Kusini

Nyasi za bustani zinapobadilika rangi, wengi wetu huku Mbeya, Iringa na Njombe hukimbilia duka la pembejeo, wakaeleza kwa maneno machache walichokiona, wakarudi na chupa ya dawa. Fedha nyingi hupotea kwa njia hiyo, kwa sababu doa la kahawia linaweza kuletwa na funza wanaokula mizizi, na ukungu unaoozesha majani, na baridi ya Juni, na kiu, au hata mkojo wa mbwa, na dawa inayofaa kwa kimoja haina kazi kwa kingine. Ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza uchunguzi, na unaiweka dawa mwishoni.

Uchunguzi uanzie ukingoni mwa doa, pale nyasi hai zinapokutana na zilizokauka, kwa kuwa katikati ya doa kila kitu kimekwisha kufa na ushahidi umepotea. Shika fungu la nyasi ulivute. Likija lote bila mizizi, likainuka kama zulia linalokunjwa, tatizo liko ardhini, na kwa kawaida ni funza. Likigoma kung'oka, tazama majani yenyewe: kingo zilizotafunwa zinaonyesha viwavi, ilhali madoa yenye mpaka wa rangi iliyokolea, vumbi la rangi ya chungwa au nyuzi nyeupe zinazoonekana asubuhi kabla ya jua zinaonyesha ukungu. Doa lililonyooka mstari, au linalofuata njia wanayopita watu, mara chache huwa ni ugonjwa; hapo chunguza mbolea iliyomwagika, udongo ulioshindiliwa au kisu butu cha mashine. Doa dogo lililokauka katikati na kuzungukwa na kijani kilichokolea ni la mbwa, na linahitaji maji mengi tu. Vivyo hivyo, kati ya Juni na Agosti, umande unapoganda juu ya nyasi katika maeneo ya Mufindi, Njombe na Kitulo, majani ya nyasi aina ya kikuyu hugeuka kahawia ingawa shina lake linalotambaa bado li hai. Usiinyunyizie dawa, usiikanyage ikiwa imeganda, na isubiri ichipue joto litakaporudi.

Funza weupe ni watoto wa mende wa udongo, wale ambao mwanzoni mwa mvua hujaa kwenye taa za barazani. Mende hao hutaga mayai ardhini, funza hukua wakila mizizi msimu wote wa mvua, na mwenye bustani hana habari, kwa sababu nyasi zenye mizizi michache huweza kuishi maadamu mvua inanyesha kila siku. Madhara hujitokeza mvua inapokatika, Aprili au Mei, na hapo watu husema ukame umeanza mapema. Dalili ya awali ni ndege: ukiona kwarara au kunguru wanachoma midomo ardhini mahali pamoja siku baada ya siku, nenda ukachimbe. Kata kipande cha mraba chenye upande wa sentimita 30 na kina cha sentimita 8 hivi, kifunue, uwahesabu funza waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia na miguu sita. Wakiwa chini ya watano, nyasi zenye afya huwavumilia. Rudishia kipande, kikanyage na ukimwagie maji. Wakifikia kumi, chukua hatua, na ni heri iwe mapema, funza wakiwa wadogo na karibu na uso wa ardhi. Dawa ya funza hainyunyiziwi na kuachwa juu ya majani; lazima imwagiliwe maji ishuke kwenye mizizi. Kabla yake kata magugu yote yenye maua, kwa kuwa viambato kama imidaklopridi huua nyuki, na nyuki wa nyanda hizi ni mali ya watu.

Viwavijeshi ni jambo la haraka zaidi. Nondo wao husafiri na upepo wa mvua, hutaga, na baada ya siku chache viwavi wadogo wa kijani huanza kula. Wakiwa wengi hugeuka weusi wenye mistari, na wanaweza kuumaliza uwanja wa shule kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo tangu mvua zinapoanza kagua nyasi jioni, hasa kukiwa na habari za viwavijeshi katika mashamba ya mahindi ya jirani. Ukishuku lakini huwaoni, koroga vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 8 za maji, umwagie eneo la mita moja ya mraba. Ndani ya dakika kumi viwavi waliojificha watapanda juu. Wanyunyizie wakiwa na urefu usiozidi sentimita moja na nusu, jioni wanapotoka kula. Dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis inawatosha wakiwa wadogo kiasi hicho, nami ningeichagua kabla ya sumu nyingine palipo na watoto. Wakishafika sentimita tatu wako karibu kuingia ardhini kuwa mabuu bwete, na kunyunyizia wakati huo ni kuchelewa. Nyasi zitachipua tena, kwa kuwa viwavi hula majani na huliacha shina la chini.

Mchwa husumbua zaidi upande wa Iringa, ambako kiangazi ni kirefu. Hufuata nyasi kavu, hivyo bustani inayomwagiliwa na kuondolewa mabaki makavu huwavutia kidogo.

Magonjwa ya ukungu yanahitaji maelezo marefu, maana hapa ndipo matunzo yetu wenyewe huamua. Vimelea vya ukungu huhitaji jani libaki na maji kwa saa nyingi. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000, jani halikauki kirahisi; lakini hata Iringa mjini, penye mvua isiyofika nusu ya hiyo, mtu anayemwagilia saa kumi na mbili jioni hulifanya jani lilale na maji hadi jua la kesho. Mwagilia asubuhi, mara chache lakini kwa wingi, jumla ya milimita 25 kwa wiki ikihesabiwa pamoja na mvua. Kopo tupu lililowekwa katikati ya bustani litakupimia. Palipo na umande mzito, pitisha fimbo ndefu ya mwanzi juu ya nyasi asubuhi ili matone yaanguke, na mianzi haijawahi kuadimika katika nchi ya ulanzi, pombe ya mianzi. Punguza matawi ya miti yanayozuia jua na upepo.

Ukataji nao una uzito uleule. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, iache kikuyu katika sentimita 4 hadi 5, noa kisu cha mashine au fyekeo, na usikate nyasi zikiwa zimelowa, kwa sababu jani lililochanika ni mlango wa vimelea na mashine yenye maji huvisambaza bustani nzima. Kikuyu hujenga pia tabaka la mabaki makavu juu ya udongo. Likizidi sentimita moja na nusu, likwangue kwa reki mwanzoni mwa mvua.

Mbolea huhitaji kipimo. Kutu ya majani, inayoacha vumbi la rangi ya chungwa kwenye viatu, na vidoa vidogo vya rangi ya majani makavu vyenye ukubwa wa sarafu hupenda nyasi zenye njaa. Hapa kilo 1.1 ya urea kwa mita 100 za mraba, ikifuatwa na maji, mara nyingi huondoa tatizo bila dawa. Madoa makubwa ya mviringo ya kahawia na uozo wenye utelezi unaofuata mkondo wa maji hupenda nyasi zilizoshiba naitrojeni kupita kiasi. Hapo simamisha urea na uchimbe mfereji wa kutoa maji. Duara la uyoga lenye kijani kilichokolea huonyesha mti unaooza chini, jambo la kawaida kwenye viwanja vilivyokuwa na mikaratusi. Fukua kisiki ukikipata, la sivyo toboa udongo kwa uma na uumwagilie. Dawa haifiki huko. Kwa udongo wenye tindikali, pima kwanza, na kituo cha Uyole, Mbeya, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ni mahali pa kuulizia kabla ya kumwaga chokaa.

Ikibidi kutumia dawa ya ukungu, jihadhari na masalia ya dawa ya viazi mviringo. Mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili umejaa Mbeya na Njombe, lakini metalaksili hufanya kazi dhidi ya uozo wenye utelezi tu na haigusi kutu, na mankozebu hukinga majani yaliyo mazima, haiponyi yaliyokwisha kuugua. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), fuata kipimo cha lebo, vaa glavu, buti na barakoa, na usinyunyizie penye upepo wala karibu na kisima. Watoto na kuku wasiingie hadi majani yakauke na muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Zaidi ya yote, nyasi zilizonyunyiziwa zisipelekwe kwa ng'ombe, mbuzi wala sungura wa ndani. Mwambie hivyo waziwazi kijana anayekuja kukata majani, maana yeye hajui ulichonyunyizia jana.

Mapengo yaliyobaki yajazwe mvua zinapoanza. Tifua udongo, chukua vipande vya shina kutoka sehemu yenye afya, kagua mizizi yake, uvipande kwa nafasi ya sentimita 15, ukiacha fundo moja au mawili ardhini na majani nje. Vimwagilie kila asubuhi hadi vishike, na usivikate kabla havijafunika udongo.