Kuziba ufa kwenye bodi ya Amphicat

Bodi ya Amphicat, gari la magurudumu 6 la nchi kavu na majini la miaka ya 1960 na 1970, ni plastiki ya ABS. Hakikisha: dondoshea asetoni (kiyeyushi cha plastiki) upande wa ndani; plastiki ikinata, ndiyo ABS.

Toboa tundu la milimita 3 kila ncha ya ufa, la sivyo ufa utaendelea kurefuka. Piga msasa namba 80. Loweka vipande vya ABS kwenye asetoni, mbali na moto, hadi viwe uji mzito. Jaza uji huo kwenye ufa kidogo kidogo. Ukijaza kwa pupa, mapovu hubaki ndani na ufa hurudi. Kwa nyuma bandika kitambaa cha fiberglasi kwa gundi ya epoksi. Rezini ya poliesta usiiguse: stairini, kiyeyushi kilichomo ndani yake, hudhoofisha ABS.