Kabla hujatoka na gari usiku, andaa macho na ubongo

Maandalizi ya safari ya usiku huwa ni yale yale: upepo wa matairi, maji ya rejeta, oili, taa, spea na jeki. Nami kwa miaka niliishia hapo hapo, mpaka usiku mmoja kati ya Melela na Doma, njia ya Morogoro kwenda Iringa, nilipoona taa moja inanijia. Taa moja usiku ni bodaboda, nani asiyejua? Ilikuwa pembezoni kabisa, upande wake. Mbele yangu alikuwepo mwendesha baiskeli asiye na taa, nikasogea katikati ya barabara nimpe nafasi. Mjomba, aliyekaa kushoto kwangu na kioo chake kimeshushwa, akapaza sauti: “We, rudi! Roli hilo!” Nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya baiskeli. Lilipopita, gari letu liliyumba kwa upepo wake. Taa yake ya kulia, ile ya upande wangu, ilikuwa imeungua.

Kilichonisumbua baadaye ni kwamba niliiona pikipiki. Ningeitwa mahakamani ningeapa kuwa juu yake alikaa mtu. Jicho lilipokea nukta moja ya mwanga tu; pikipiki, mwenye kuiendesha na nafasi tupu pembeni yake viliongezwa na ubongo, kutokana na mamia ya taa moja nilizowahi kupishana nazo. Mjomba hana macho ya kunizidi, ana mtoto wa jicho, ila alisikia muungurumo, na ule haukuwa wa pikipiki.

Jambo hili si jipya. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo miaka elfu moja hivi iliyopita, alishaeleza kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni, na kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita kuona ni hukumu inayotolewa upesi mno hata mwenyewe hajui ameitoa. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz akafika pale pale kwa njia ya maabara. Ubongo unakisia, na haukuambii kuwa unakisia. Mchana makisio yake ni mazuri, kwa sababu macho yanaupa taarifa tele. Usiku taarifa hupungua, makisio yanabaki na uhakika ule ule.

Kama huamini, chukua karatasi nyeupe leo, kabla ya safari. Chora msalaba mdogo kushoto na nukta nene kulia, umbali wa sentimita 10 kati yao. Fumba jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi taratibu karibu nawe. Kwenye sentimita 35 au 40 hivi nukta itatoweka. Hapo ndipo neva ya macho inapotokea nyuma ya jicho, na pahali hapo hapana seli ya kuona hata moja. Sasa angalia kilichobaki mahali pa nukta: hakuna shimo, hakuna kiza, ni karatasi nyeupe tu. Umeshonewa kiraka na hukuona uzi. Kiraka hicho unatembea nacho kila siku, kila jicho na chake.

Basi, jambo la kwanza ni kupima macho, hasa kama umevuka 40. Mboni ya mtu mzima haitanuki gizani kama ya kijana, na lenzi huanza kuwa na unjano. Mtu wa miaka 60 hupata kama theluthi ya mwanga anaoupata wa miaka 20 kwenye barabara ile ile. Wapo pia wanaoona vizuri mchana ila usiku ndipo vitu vya mbali vinapokuwa ukungu. Miwani huwamalizia shida. Kuhusu karoti: upungufu wa vitamini A kweli huleta upofu wa usiku, na maini, papai bivu na matembele vinasaidia kuuzuia. Aliyekwisha kupata ya kumtosha hataona zaidi kwa kula kilo nzima ya karoti njiani.

Kioo cha mbele kioshwe ndani na nje. Watu husahau ndani. Utando wa vumbi na mafuta hauonekani mchana, ila taa ya mbele ikiupiga, mwanga unatawanyika kioo kizima. Tinti kwenye kioo cha mbele sina la kuisemea, zaidi ya kwamba ni miwani ya jua inayovaliwa usiku wa manane.

Sasa giza lenyewe. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili: zinazoona rangi na maandishi, ambazo zinataka mwanga wa kutosha na zimejazana katikati, na zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu, zilizotapakaa pembeni. Hizi za pili zinachelewa kuamka. Ukitoka kwenye taa nyeupe za kituo cha mafuta, huchukua dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wao kamili, na mwako mmoja wa taa kali unaweza kuzirudisha nyuma. Kwa hiyo usijaze mafuta, ukalipa kwa simu huku kioo kinakumulika usoni, kisha ukaondoka kwa kasi. Kaa kidogo. Punguza mwanga wa dashibodi. Mwambie aliye pembeni azime video yake, au ahamie nyuma nayo.

Ukitiwa kiwi na anayekuja, usimkodolee macho. Tazama ukingo wa kushoto wa barabara, ule mstari mweupe kama upo, mpaka apite. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Macho yakihitaji sekunde tano kurudi, umeshapita mita 110 bila kuona sawasawa. Na usimlipe kwa kumwashia zako. Najua inavyouma, lakini matokeo yake ni madereva wawili wasioona wanaopishana.

Hesabu nyingine ifanywe nyumbani, maana barabarani hakuna nafasi. Tangu jicho lipokee kitu mpaka mguu ugonge breki hupita kama sekunde moja na nusu, tena kwa mtu aliye macho. Kwa spidi ile ile ya 80, hiyo ni mita 33. Gari kusimama kwenye lami kavu ni mita nyingine 35. Jumla karibu 70, ilhali taa za kuinamisha humulika mita 40 hadi 60, na mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi huonekana akiwa karibu zaidi ya hapo. Mwenyewe anadhani unamwona, kwa kuwa yeye anaziona taa zako vizuri sana. Ng'ombe, mbuzi na swala afadhali, macho yao yana tabaka linalorudisha mwanga na hung'aa kama vioo. Binadamu hana, na punda wa mkokoteni akikupa kisogo naye ni kama hana.

Hisia ya spidi nayo si ya kuaminiwa. Ubongo hupima mwendo kwa jinsi miti, nyumba na nguzo zinavyokimbia pembeni mwa macho. Gizani hakuna vya kukimbia, hivyo kilomita 100 huhisi kama 70. Baada ya saa nzima ya mwendo huo, ukiingia kijijini na kushuka hadi 50, utaona kama umesimama. Wengi wanaopigwa tochi ya kupima spidi na trafiki wanaapa kwamba walikuwa wanatambaa, na siwaiti waongo. Tazama mshale, acha hisia. Tabia hiyo ianze kabla hujafika kwenye matuta.

Kuhusu simu nitasema kifupi. Mwaka 1999 watafiti wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaorushiana mpira, wakawaomba wahesabu pasi. Katikati akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa pale pale. Kwa hiyo anayesema “mimi natumia spika, mikono iko kwenye usukani” ametatua tatizo la mikono. Mazungumzo ya kugombania deni au shamba yamalizike kabla ya kuwasha gari.

Mwisho ni usingizi, na hapa sina masihara. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, ukashinda kazini, saa nne usiku umeshafika hapo. Ubongo uliochoka hauombi ruhusa. Hujizima sekunde mbili tatu huku macho yamefunguka, na mwenyewe hukumbuki kitu, kiraka kimeshashonwa. Kufungua kioo na kuongeza sauti ya redio kunakuchangamsha kwa dakika chache tu. Lala dakika 20 kabla ya kuondoka. Kahawa unywe kabla ya kulala huko, kwani huchukua kama nusu saa kufanya kazi, nayo itakukuta unaamka.

Siku hizi natoka Dar alasiri, nalala Morogoro, Mikumi naipita kumepambazuka. Ikilazimika usiku, mjomba anakaa mbele, kioo chake kimeshushwa, na akisema roli sibishi.